Mafuta ya Kuzuia Jua na Neno "Nano": Shaka Moja, Mizani Mbili

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Alitujia mama mmoja wa mji wetu baada ya darsa ya wanawake, naye amemshika mkono mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Mtoto huyu amezaliwa na ualbino. Ngozi yake haina ile rangi ya asili iwakingayo watu na ukali wa jua. Masikio yake yalikuwa yamebabuka, na shingoni alikuwa na vidonda vibichi. Tulipouliza sababu, mama alieleza kwamba alikuwa akimpaka kila siku mafuta ya kuzuia jua, kama alivyoagizwa na daktari. Kisha jirani mmoja akaisoma tyubu ya mafuta hayo, akaona neno "nano" limeandikwa ndani ya mabano, akamwambia kuwa hiyo ni sumu iliyotengenezwa kwa elimu mpya ya Wazungu: hupenya ngozi ikaingia damuni, hubatilisha udhu, na hufunguza saumu. Mama akaogopa, akayaacha mafuta. Kwa muda wa wiki tatu mtoto akaenda chuoni na skuli pasi na kinga yoyote, na matokeo yake ndiyo tuliyoyaona.

Mama akatuuliza masuala matatu. Je, mafuta haya yana madhara? Je, yazuia maji ya udhu? Na je, yafunguza saumu? Tulimjibu kwa ufupi siku ile ile, tukamsihi arudi kumpaka mtoto na amrejeshe kwa daktari kwa ajili ya vidonda. Lakini kwa kuwa maneno haya yameenea barazani na majumbani, tumeona yafaa tuyaeleze kwa urefu katika ukurasa huu, ili kila mtu ajue kilichomo ndani yake kabla ya kuhalalisha au kuharimisha.

Nano ni kitu gani?

Hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Hii ni kanuni mashuhuri kwa wanavyuoni wa usuli, na mwenye kutoa fatwa juu ya asichokijua amejitia hatarini yeye na wale wamfuatao. Basi na tuanze hapa.

Nano ni neno la kipimo tu. Chukua mita moja ya kitambaa, uigawe mafungu milioni elfu moja yaliyo sawa; fungu moja katika hayo ndilo liitwalo nanomita. Unywele mmoja wa mwanadamu upana wake hukaribia nanomita 80,000 hadi 100,000. Wataalamu husema kitu ni cha nano kikiwa chembe zake zina ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100. Kwa hivyo neno hili halitaji sumu, wala halitaji dawa. Latwambia ukubwa wa chembe, kama vile usemavyo unga wa chenga au unga laini.

Kinachosagwa hivyo katika mafuta ya kuzuia jua, mara nyingi, ni madini mawili: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Zinki si kitu kigeni majumbani mwetu. Ndiyo iliyomo katika malhamu meupe wapakwayo watoto wachanga waliochubuka kwa nepi. Na mwili wa mtu mzima wenyewe una gramu 2 hadi 3 za zinki, aipatayo katika nyama, samaki na kunde.

Na kwa nini wakaisaga mno? Zinki ya chembe kubwa huzuia jua vizuri, lakini humwacha mtu mweupe kama aliyepakwa chokaa. Watoto huona haya kutoka nayo, wenzao huwacheka, mwishowe hukataa kupakwa. Mwangaza tunaouona kwa macho huenda kwa mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Mfano wake ni wimbi la bahari: likikuta mwamba hupasuka likawa povu jeupe, bali likikuta kijiti chembamba cha uzio wa samaki hupita kana kwamba hapakuwa na kitu. Chembe kubwa ni ule mwamba, na ule weupe ni lile povu. Chembe zikisagwa zikawa ndogo kuliko wimbi la mwangaza kwa mbali, mwangaza hupita na weupe hutoweka. Lakini ile miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, madini haya huimeza kwa dhati yake, hata yakiwa chembe ndogo. Hiyo ndiyo miale iunguzayo ngozi na kuleta saratani. Basi faida ya nano hapa ni kuwa mtoto apate kinga asiyoionea haya, akubali kupakwa kila siku.

Je, huingia mwilini?

Hapa pana suala la haki, wala hatumlaumu mama kwa kuogopa. Kitu kikiwa kidogo huweza kufika mahali ambapo kikubwa hakifiki, na wataalamu wenyewe walianza kwa hofu hiyo hiyo. Tutaje waliyoyapata.

Ngozi ya mtu kwa juu ina tabaka la seli zilizokufa, zilizopangana kama makuti ya paa, na chembe nyingi hukomea hapo. Mwaka 2010 wataalamu wa Australia walitangaza jaribio walilolifanya kwa watu 20 waliopakwa mafuta ya zinki pwani kwa siku 5. Zinki ile ilikuwa imetiwa alama maalumu ili ijulikane mbali na zinki ya chakula. Walipopima damu na mkojo waliona zinki yenye alama, lakini kidogo mno kulinganisha na ile iliyokuwamo mwilini tangu zamani. Nao waliipata kwa waliopakwa chembe ndogo na kwa waliopakwa chembe kubwa, wala jaribio halikuonyesha kama kilichoingia ni chembe zenyewe au ni zinki iliyoyeyuka. Mwaka 2012 kamati ya Ulaya ya wataalamu wa usalama wa bidhaa ikatoa rai yake: oksidi ya zinki ya nano, isipozidi asilimia 25 katika mafuta ya kuzuia jua, haina hatari ikipakwa juu ya ngozi.

Lakini kamati hiyo haikuruhusu kila kitu. Ilikataza kutumika kwa zinki hiyo katika vinyunyizo viwezavyo kuvutwa kwa pumzi, kwa sababu pafu si kama ngozi. Halina paa la makuti. Na tangu mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu dioksidi ya titani katika vitu viwezavyo kuleta saratani, kwa ushahidi wa panya walioivuta vumbi lake kwa pumzi. Kwa hivyo tunasema wazi: mafuta ya kupaka ni jambo moja, na ya kupuliza ni jambo jingine. Usimpulizie mtoto usoni.

Na lile neno ndani ya mabano lilitoka wapi? Ulaya ilipitisha kanuni mwaka 2009, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu mwaka 2013, ya kuwa kila mtengenezaji wa vipodozi aliyetumia chembe hizi aandike "nano" baada ya jina la kitu hicho, ili mnunuzi ajue anachokinunua. Ajabu yetu ni hii: sheria yetu tukufu ndiyo iliyotangulia kumlazimisha muuzaji abainishe hali ya bidhaa yake asimfiche mnunuzi kitu. Leo mtengenezaji amebainisha, nasi tukauchukua ubainifu wake tukaufanya ushahidi wa ubaya wake, huku tukivinunua vikopo visivyoandikwa chochote tukavipaka kwa utulivu.

Upya si dalili, wala ukale si dalili

Wako wasemao: haya hayakuwako zamani, basi tuyaache. Twawajibu kwamba bidaa iliyokatazwa ni ya kuzua katika ibada. Ama mambo ya dunia, asili yake ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza.

Tena hata huo upya si kamili. Mwaka 2006 wataalamu wa Ufaransa waliichunguza rangi nyeusi ya nywele iliyotumiwa na Wayunani na Warumi miaka 2,000 iliyopita, iliyotengenezwa kwa risasi na chokaa. Wakaona ndani ya unywele chembe za madini zenye ukubwa wa nanomita 5 hivi. Watu wale walitengeneza nano pasi na kujua, na walichotumia kilikuwa risasi, ambayo ni sumu.

Na hili latupa funzo la upande wa pili. Wanja mwingi uuzwao masokoni, katika nchi nyingi, umepimwa ukaonekana una risasi, nao hupakwa machoni mwa watoto wachanga. Sunna ya kupaka wanja ni haki, na ithmidi yajulikana kwa jina katika Hadithi. Lakini si kila unga mweusi katika kikopo ni ithmidi. Mtu asiseme, "Hiki ni cha mabibi zetu," akadhani kwa hilo kimesalimika.

Hukumu ya udhu na saumu

Ama twahara, oksidi ya zinki ni madini, na madini asili yake ni twahara. Panapohitaji kutazamwa ni mafuta yaliyochanganywa nayo, kama ni ya mimea, au ya mnyama, na mnyama gani. Hilo husomwa katika maandishi ya tyubu, na halina uhusiano wowote na nano.

Ama udhu, kanuni katika madhehebu yetu ya Kishafii ni kuwa kiharibucho ni kitu chenye mwili, chenye kuzuia maji yasifike kwenye ngozi. Rangi tupu, kama ya hina baada ya kubanduliwa, haidhuru. Na Imamu Nawawi ameeleza katika al-Majmu kwamba mafuta ya majimaji yakiwa mwilini, na maji yakaigusa ngozi na kupita juu yake, basi udhu ni sahihi hata kama maji hayatulii. Basi mafuta mepesi yaliyonywewa na ngozi, yasiyoacha utando, hayabatilishi udhu. Ama yale mazito yaachayo tabaka liwezalo kukwaruzwa kwa ukucha, au yale yaliyotengenezwa makusudi yasitoke kwa maji, hayo na yaoshwe kwa sabuni kwanza, kisha atawadhe, kisha apakwe upya. Wala hapana dhiki katika hili, kwa kuwa madaktari wenyewe huagiza mafuta haya yarudiwe kila baada ya saa mbili mtu akiwa juani. Mwenye kuyaosha kwa ajili ya Adhuhuri akapaka tena baada ya kutawadha, amefuata agizo la sheria na la tabibu kwa tendo moja.

Ama saumu, kifunguzacho ni kitu chenye dhati kiingiacho ndani ya mwili kwa tundu lililo wazi. Kipitacho katika vinyweleo vya ngozi hakifunguzi. Kwa sababu hiyo wanavyuoni wa Kishafii wameruhusu mwenye kufunga kujipaka mafuta na kupaka wanja, hata akiona ladha yake kooni. Basi hata tukikadiria kuwa chembe chache za zinki zimepenya ngozi, saumu ya mtoto huyu, na ya mtu mzima pia, imesalimika.

Shaka moja, mizani mbili

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu aweza kusema: elimu ya wanaadamu yaweza kubadilika, je, haikuamrishwa kuacha chenye shaka? Ndiyo, imeamrishwa. Lakini shaka hupimwa pamoja na kilichoko upande wa pili wa mizani.

Imamu Ghazali katika al-Mustasfa amezigawa maslaha za watu daraja tatu: dharura, ambayo bila yake uhai, dini, akili, kizazi au mali huangamia; haja, ambayo bila yake watu huingia katika dhiki; na mapambo, ambayo bila yake hapaharibiki kitu. Mtoto mwenye ualbino na kinga yake wako katika haja iliyokaribia dharura. Madhara ya jua kwake ni yakini: kubabuka, vidonda, na saratani ya ngozi, ambayo huwapata wenzake wengi wa Afrika wakiwa bado vijana. Madhara ya zinki ya kupaka ni shaka tupu. Na yakini haiondolewi kwa shaka. Mwenye kumwacha mtoto huyu juani kwa hoja ya wara hakufanya wara. Amekimbia jambo la kudhaniwa akamtupa mtoto katika jambo la hakika.

Ama mwenye kununua krimu yenye chembe za dhahabu ili uso uonekane kijana, huyo yuko katika daraja ya mapambo. Hana kilicho upande wa pili wa mizani isipokuwa kioo. Kwake yeye shaka ndogo yatosha kumfanya aache, achilia mbali israfu. Na mwaka 2024 Ulaya imepitisha kanuni ya kupiga marufuku katika vipodozi chembe za nano za dhahabu, platini na shaba, kwa kuwa usalama wake haukuthibiti. Tazama basi: neno ni lile lile nano, na shaka ni ile ile moja, lakini hukumu ni mbali kama Lamu na Vanga.

Na liko la kusikitisha zaidi. Katika majumba haya haya yanayoogopa zinki, zimo krimu za kung'arisha ngozi, na nyingine katika hizo zimepatikana na zebaki. Zebaki hudhuru figo na ubongo, na madhara yake humfikia hata mtoto alalaye kifuani mwa mama. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, wa mwaka 2013, uliuweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja katika milioni, na bado huuzwa kwa siri. Hii haina haja ya nano ili iwe sumu. Mama yule analilia rangi ambayo mwanawe hakuzaliwa nayo, ili imkinge. Na mwengine atoa fedha kuiondoa rangi ile ile aliyotunukiwa na Mola wake. Nani katika hawa wawili aliyestahili kuonywa na jirani?

Yatupasayo

Mwenye mtoto wa hali hii na ayashike haya. Apake mafuta ya kupaka, si ya kupuliza, usoni, masikioni, shingoni na mikononi kabla ya kutoka, na arudie. Amvike nguo za mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana. Kofia zetu za kushona ni pambo zuri, lakini hazikingi masikio wala shingo. Amwepushe na jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kadiri awezavyo. Na kidonda kisichopona apelekwe hospitali, asingojee. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa miaka mingi limekuwa likigawa mafuta haya bila malipo kwa wenye ualbino walioandikishwa. Basi asiyejiandikisha na akajiandikishe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walihesabiwa Kenya nzima watu 9,729 wenye ualbino. Hawa si wengi hata jamii ishindwe kuwatunza.

Walimu wa chuoni na wa skuli wawaweke watoto hawa kivulini, na wakati wa mchezo wasiwalazimishe kusimama juani.

Na sisi sote tulio majirani, tuikumbuke amri ya Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kupeleleza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Jirani yule hakukusudia ubaya. Alisoma neno moja asilolijua, akalijaza maana kwa hofu yake, kisha akalitia rangi ya dini. Ulimi wake haukumgharimu kitu. Aliyelipa ni mtoto wa miaka tisa, kwa ngozi ya masikio yake. Asiyejua na aulize, na aulizwaye naye akiwa hajui na aseme sijui. Hilo ni nusu ya elimu.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kupima kabla ya kusema, na amponye mtoto huyu. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.